Sala ya Maporomokoni

Dada, leo nimejiaibisha hadi natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unajua darasa letu la jioni limekuja kutazama maporomoko? Maji yanaanguka kwa kishindo, upinde wa mvua umetanda, nyani wamekaa juu ya miamba wanatushangaa. Mwalimu wa hesabu akaniambia, "Mama, warekodie wenzetu waliobaki."

Nikarekodi. Moyo ukanijaa, nikaficha simu ndani ya koti isilowe, nikafumba macho, nikaomba kwa sauti. Nani angenisikia kwenye ngurumo ile?

Simu ilikuwa bado inarekodi, dada. INAREKODI!

Nami nikaituma video hiyo kwenye kundi la darasa bila kuitazama. Kumbe maporomoko ni sekunde nne tu, halafu giza, na mimi nalia: "Ee Mungu, nisaidie mtihani wa Jumatatu, maana mwalimu huyu akifundisha hesabu za sehemu nasinzia kama nimenyweshwa dawa!"

Ni nyani tu ambao hawakucheka.

Mwalimu aliisikiliza mara mbili. Mara mbili! Kisha akasema, "Amina, mama. Jumatatu utakaa mbele kabisa."

Sasa niombee wewe. Kimyakimya.