Kitanda Kisichokwisha

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kufua na ya barua. Kengele kaniamsha saa kumi na mbili kamili — ndiyo maana nikampa jina hilo. Ni mmisionari mwenzangu, hatutoki mmoja bila mwenzake. Sheria. Simu ni moja, anaishika yeye. Nyumbani napiga Jumatatu tu, nusu saa.

Baba haongei kwa simu. Msumeno wa mashine ulishamla masikio. Yeye husema, kaka anaandika, barua inanifikia kwa simu Jumatatu asubuhi. Ya leo: baba hajambo, bado yuko kwenye kile kitanda cha jirani anayeozesha binti. Bado! Kile alichokianza mwezi uliopita? Baba yangu kitanda ni siku nne. Tano, akiwa na malaria.

Kengele kaosha vyombo zamu yangu. Mara ya tatu sasa. Nikamuuliza anatubu dhambi gani. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Soksi zimelowa. Tumefundisha kwa Mzee wa Soli, fundi viatu wa pale stendi. Kibanda cha mabati, harufu ya gundi, misumari mdomoni — anasikiliza neno la Mungu na misumari sita mdomoni!

Ni mgane, mwaka wa pili. Chini ya benchi ana jozi ya viatu vya kike, visigino vimeng'oka. Vya mkewe. Mama yule alikuwa akiomba avitengeneze, yeye anasema kesho, kesho, mpaka kesho ikampita. "Mganga hajigangi," akasema, akavirudisha chini.

Kisha akatema misumari kiganjani. Akauliza, akibatizwa atamwona tena?

Nikajibu haraka: ndiyo, nina hakika.

Akauliza kama nimewahi kuzika mtu wangu. Mama nilimzika, lakini nilikuwa mgongoni mwa shangazi, sikumbuki kitu. Nikasema hapana.

"Basi hakika yako ni kiatu cha dukani, binti. Hujakitembelea."

Nimekasirika njia nzima. Kengele katembea mbele. Nilitaka anitetee!

Jumatatu, 10 Machi

Barua. Mstari wa kwanza: "Mwanangu mpendwa katika utume." Nani huyo? Baba ananiita Kibiriti tangu nijue kutembea, kwa sababu nawaka upesi. Nimeisoma mara mbili kumtafuta Kibiriti. Hayumo. Kitanda bado, ila sasa miguu imekaa sawa.

Kwenye simu kaka sauti imekwaruza. Anasema mafua. Nikamwambia amwulize baba hicho ni kitanda au ni safina. Akasema mtandao unasumbua, akaaga.

Jumamosi, 15 Machi

Mzee wa Soli amekubali! Ubatizo Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Nilipaswa kuruka. Nimejaza ripoti ya wiki — masomo kumi na moja, waliohudhuria wanne, wa kubatizwa mmoja — moyo mzito kama nimebeba gunia.

Kengele aliomba kabla ya kula. Alipofika "na familia ya dada yangu huyu" sauti ikakatika. Chakula kikapoa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia kaka: nataka picha ya baba kazini. Moja tu. Akasema baba katoka kidogo. Nikasema nitasubiri arudi. Akasema, "Mdogo wangu, fanya kazi ya Mungu, huku usijali." Kaka yangu, ambaye kanisani huenda Krismasi tu!

Jumanne, 18 Machi

Picha imekuja. Karakana tupu. Benchi, ubao, kitanda kimeegemea ukuta, hakina kichwa. Na randa ya baba juu ya benchi, imesimama kwa tumbo, meno yake yameelekea mbao.

Randa hulazwa ubavu. Ukiisimamisha, meno yanakufa. Nilipokuwa na miaka tisa niliisimamisha, nikala kofi ambalo nalikumbuka mpaka leo. Baba hawezi. Hata akiwa mgonjwa hawezi.

Kuna mtu mwingine anafanya kazi kwenye benchi la baba.

Jumatano, 19 Machi

Sijala. Nimemwomba Kengele simu, akasema si Jumatatu. Alisema huku anatazama viatu vyake.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemuuliza Kengele jikoni, mchana, sufuria mkononi. Baba yangu yuko hai?

Akaketi sakafuni.

Alifariki tarehe tisa Februari. Jumapili. Wiki sita karibu! Alikuwa na uvimbe tumboni tangu mwaka jana, hakumwambia mtu mpaka maumivu yalipomlaza. Mficha maradhi — naam, kifo kimemuumbua. Na alisema mwenyewe: Kibiriti asiambiwe mpaka amalize utume wake, akiambiwa atarudi. Kaka akampigia msimamizi wetu. Msimamizi akamwambia Kengele aniangalie. Wote wanajua. Wote! Jirani wametupa udongo, watoto wa jirani wametupa udongo. Mimi siku hiyo nilikuwa nafundisha watu habari za ufufuo, na niliporudi nilicheka jambo fulani, silikumbuki tena.

Nimemwambia Kengele maneno ambayo sitayaandika. Akayapokea yote. Akaosha vyombo.

Jumamosi, 22 Machi

Wameniruhusu nipige. Kaka alilia kabla sijasema hata salamu.

Nilikuwa nimejipanga. Nilitaka kumwita mwongo, barua sita za uongo, ananichezea kwa sauti ya maiti. Nikamuuliza kwanza habari ya kitanda. Kwa nini kutunga kitanda?

Hakutunga. Baba alikata mbao, akaanguka. Kaka, fundi simu, mtu ambaye hajawahi kushika patasi bila kujikata, akaona aibu kumrudishia jirani mbao. Kila wiki anajaribu. Kila wiki aliniandikia alipofika. "Miguu ilikaa sawa kweli," akasema. "Nilitaka umwambie mtu hongera. Hata kama ni baba."

Nikashindwa kuwaka. Nikamwambia alaze randa ubavu. Akauliza kwa nini. Nikamweleza. Tukalia wote wawili, nusu saa ikaisha, Kengele hakuidai simu.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani nimeimba mdomo tu. Nimejaribu kuomba nikaishia "Baba". Neno lenyewe halipiti.

Msimamizi alikuja baada ya ibada. Mtu mpole. Anasema alifuata wosia, anaomba radhi, na tiketi ipo nikiitaka. Niende au nibaki, nijibu kesho jioni. Baba alitaka nibaki. Lakini baba alitaka mengi kwa niaba yangu! Nikienda, nakwenda kuona udongo uliokwisha kauka. Nikibaki, Jumamosi nasimama kando ya maji na kumwambia mtu mzima kwamba wafu wetu tutawaona. Siwezi kusema hivyo kwa ajili ya ripoti.

Jumatatu, 24 Machi

Barua haikuja. Najua, na bado niliitazama simu.

Nimeomba twende kwa Mzee wa Soli nimwambie labda sitakuwepo. Kumbe ameshasikia, waumini hawafungi midomo. Hakunipa pole. Alivuta lile benchi dogo la wateja, akalifuta kwa mkono, akaniketisha. Juu ya meza vile viatu vya mkewe. Visigino vipya, vimepigwa rangi. Amevimaliza usiku wa Ijumaa, anasema, kabla hajajua lolote. Hajui atampa nani.

Akasema, "Sasa umezika."

Nikasema sijazika. Nimezikiwa.

Akaniuliza swali lile lile. Atamwona tena? Kisha akanizuia kwa kiganja. Nisimjibu kwa mdomo wa kazi. Nikae, niandike kwanza kwenye hicho kidaftari changu, yeye ana soli mbili za kupiga na hana haraka.

Basi naandika. Hapa hapa, magoti ndiyo meza. Kengele amesimama mlangoni kwenye manyunyu, mkono wake u begani kwangu, na sijautoa. Nyundo inapiga. Nimeuliza moyo wangu kama ile hakika bado imo. Kuna kitu. Kinabana. Sijui kama ndiyo hakika au ni hamu tu ya kumwona baba.

Soli ya pili imekwisha. Anatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, anaipanga mezani kando ya viatu. Ananitazama.

Nitamwambia hivyo hivyo nilivyoandika. Kwamba kuna kitu, kinabana, na sijui kama ndiyo hakika.