Watu wa Sengu

Jumatano, msimu wa kuchuma kahawa

Hata kibarua yumo, mimi simo.

Nilikuwa naandikisha kaya za kitongoji chetu. Kwa Babu nilitoa shikamoo, nikamwomba anitajie watu wa nyumbani kwake. Akataja watoto wa marehemu baba mdogo, hata kibarua wa kutoka Mkumbi aliyefika juzi. Mimi na mke wangu hakututaja.

"Na mimi, Babu?"

"Wewe ni mjukuu wangu. Lakini tangu muanze kuuza kahawa kwa hawa wanunuzi binafsi, mnakula ndani kwenu. Sengu hamji."

Hakukasirika. Ndiyo maana inanisumbua.

Nimerudi nikafungua kamusi ya shuleni. "Jamaa" limetoka kwa Waarabu, ni watu waliokusanyika. "Familia" limeletwa na Wazungu. Sengu halimo. Sisi Wamatengo ndio tunajua kwamba ni ukoo mzima kula pamoja uani kwa babu, na kumbe ndiyo hesabu yenyewe.

Fomu yake sijaikabidhi. Kesho mke wangu akisonga ugali, tutaubeba mpaka uani kwa Babu. Tukishanawa mikono, nitamwomba ahesabu upya.