Jina la Baba Linazama Kwenye Kompyuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nyumbani kwangu hapa Nyasura, Bunda, hakuna amani tena na mwenye kosa ni mimi, ila nashindwa kulisema.

Naitwa Isidori, mzaliwa wa Butiama, napiga chapa dukani kwa Bwana Salum pale mjini, ambaye tangu biashara zifunguliwe huletewa vitu kutoka Nairobi, na mwaka huu aliletewa kompyuta yenye mchezo ndani yake, mchezo wa kutisha, kuna mji wenye ukungu kando ya maji meusi, na chini ya maji kuna kitu kisicho na uso, kikubwa kuliko mji wenyewe, kilichokuwepo kabla ya nyota, hukioni ila unasikia kinapumua, na kila unapofika unaulizwa uchague, uingie mlango huu au ule, useme kweli au udanganye, na hadithi inageuka kufuatana na ulivyochagua. Mwanzoni unatakiwa kuwapa majina wasafiri watatu. Nikaandika langu, la mke wangu Nyamburi, na la marehemu baba yangu, Burito.

Mshauri, kila njia niliyopita, Burito anashuka majini. Nikimzuia mlangoni anatokea dirishani, nikimfungia ndani nakuta chumba kitupu na nyayo zimelowa, na akishazama maandishi yanasema hakuna aliyewahi kumjua mtu wa jina hilo. Bwana Salum ananitania, “Wewe Isidori, wateja wanangoja barua zao, wewe unavua mizimu!” Nilikuwaga nacheka naye, sasa sicheki.

Sicheki kwa sababu Nyamburi amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto alikuwa analia tu, kunyonya hataki. Mama akaja kutoka Butiama, akafanya kama tunavyofanya kwetu, akawa anamwitia mtoto majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na alipotamka Burito mtoto akanyamaza, akanyonya. Mama akapiga vigelegele, nami nikajikuta napaza sauti, “Siyo hilo, mama! Lolote, lakini siyo hilo!” Mama akaniangalia. “Mwanangu, baba yako alikukosea nini?” Ningemwambiaje kwamba marehemu yumo kwenye kompyuta anazama? Sasa mama amefunga mzigo wake, anasema wazee wakija Jumamosi kuthibitisha jina nami nikilikataa tena, hatakanyaga kwangu. Nyamburi hasemi nami. Nampenda baba, mshauri, yule mzee miaka ile ya uhaba alitembea kwa miguu toka Butiama mpaka Musoma kututafutia sabuni, akarudi na mche mmoja, lakini naogopa kumtwika mtoto jina lenye laana. Nifanye nini?

MSHAURI ANAJIBU

Isidori, mwanangu, kwanza hongera kwa mtoto. Barua ndefu hivi, na hukupata mahali pa kufurahi! Pole pia. Hofu yako siidharau.

Nimefundisha shule miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nieleze. Mchezo huo umetungwa na mtu, kama hadithi ya kitabuni. Njia zake zote ziliandikwa kabla hujaigusa mashine, na mahali pa jina pakaachwa wazi, kama zile barua za maombi unazowachapia wateja, ukaacha nafasi ya kujaza jina. Ukijaza Felisian au Penina, barua ni ileile. Aliyepangiwa kuzama ni msafiri wa tatu, na mashine haimjui baba yako. Hakikisha mwenyewe: anza upya, na mahali pa jina lake andika Sato. Utaona naye anashuka majini, na sidhani kama utamlilia samaki kwa kurudi kwao.

Sasa nikugombeze. Mama ametoka Butiama, amembembeleza mwanao hadi akanyonya, nawe ukamlipa kelele. Kwa kuionea haya michezo yako ya dukani, umemwacha mjane aamini kwamba unamchukia mumewe. Umeficha aibu ndogo kwa kutia jeraha kubwa.

Tena sidhani uliandika jina lile kwa utani. Mtu hajaribu njia zote hizo kwa sababu ya mchezo. Ulikuwa unatafuta hata moja ambayo mzee anarudi nyumbani. Haimo mle, mwanangu. Mama yako ndiye aliyekuja nayo, ukamfokea.

Usingoje Jumamosi. Leo hii kaufungue mzigo wa mama kwa mikono yako, umweleze yote, Nyamburi akisikia. Wakikucheka, chekeni pamoja. Wazee watakapouliza jina, asilitamke mwingine. Litamke wewe, tena kwa sauti.

Na kwa kuwa mashine inadai hakuna aliyewahi kumjua mtu wa jina hilo, mpakate Burito mdogo akishashiba, umsimulie habari za ule mche wa sabuni.