Kisima Ulichokifunga, Mama Abigaëlle

Mwaka mzima sasa, Syntiche Kasonde, mke wangu, tangu moyo wako uliposimama ukatuacha hapa Kamalondo. Watoto wameniomba niandike maneno mawili ya kusomwa kwenye misa yako. Unanijua, mawili hayatanitosha.

Nyumba bado ina harufu ya samaki wako. Ulikuwa ukirudi kutoka Kasenga, ulikonunua samaki wa kuuza, na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kabla ya kukaa umeshaanza kucheka. Hadithi zako ulizicheka kabla ya kuzimaliza, nasi tulicheka bila kujua mwisho wake. Watoto wa wapangaji uliwaita kwa majina yasiyo yao, nao waliitika. Kwenye kwaya uliimba kwa nguvu kuliko wote, ingawa sauti yenyewe, Mungu anisamehe, haikuwa nzuri sana. Natamani kuisikia leo.

Miaka mitatu iliyopita, mvua zilipoanza, ulirudi kutoka Kasenga bila kucheka. Ulikuwa umeona watu wakishushwa kwenye mitumbwi, wanahara na kutapika, macho yameingia ndani. Hapa mjini hakuna aliyekuwa akizungumzia kolera. Hukuvua hata viatu. Ulikwenda kununua kufuli, ukafunga kisima chetu.

"Baba Abigaëlle, choo ya jirani iko karibu sana na hii puits," uliniambia. "Kolera ikifika, itapitia humu. Tufunge sasa, mbele ya muntu kufa."

Kisima hicho nilikichimba kwa mikono yangu, siku zile za kazi ya reli, kila Jumapili baada ya misa. Familia sita zilizopanga kwenye kiwanja chetu, parcelle yetu, zilikunywa humo na kunisifu. Sasa zilipanga foleni na bidoni za maji kwenye bomba la barabarani, kwenye avenue, nawe ulipita mlango kwa mlango ukitia matone ya klorini kwenye maji yao na kuweka sabuni karibu na choo. Walinuna. Mimi nilinuna kuliko wote. Wiki tatu sikukusemesha, na kila jioni uliniwekea kichwa cha samaki, kile kikubwa, na bukari, ugali wetu, ya moto.

Halafu kolera ikafika. Avenue ya nyuma ilizika watu wanne. Kwetu hakufa mtu.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, wapangaji walikuja kwangu, Mama Kangwa mbele yao. "Papa Faustin, fungula puits," akasema. "Hapa hata muntu moja hakupata kolera. Marehemu alikuwa na woga tu."

Nikachukua ufunguo. Sitakuficha: nilitaka kufungua. Nilikuwa na hamu ya kusifiwa tena.

Lakini niliurudisha mfukoni. Ndipo nikawaambia jambo ulilokwenda nalo kaburini kwa kunihurumia. Siku moja ulipokuwa sokoni, mwishoni mwa zile wiki za kununa, kolera ilipoanza kuingia mjini, nilifungua kisima kwa ufunguo wa pili. Nilikunywa vikombe viwili, nipate kukuonyesha kwamba maji yangu ni safi. Kesho yake asubuhi nilikuwa sakafuni, siwezi hata kusimama. Hukuniuliza kitu, wala hukusubiri. Ulinikorogea maji ya sukari na chumvi, ukanipandisha pikipiki ya kukodi, ukanishikilia kwa nyuma mpaka kituo cha kutibu kolera. Daktari alisema saa chache zaidi, na ungebaki mjane.

Niliporudi, niliona aibu. Niliwaambia wapangaji kwamba tumbo liliharibiwa na sombe yako, yale majani ya muhogo uliyopika. Wewe ulikuwa umesimama pale pale, ukasikia, ukasema, "Ndiyo, ilikuwa imelala tangu jana yake." Wakakucheka miezi mingi.

Nilipomaliza kusema, Mama Kangwa alichukua bidoni yake akarudi bombani. Jumamosi iliyofuata mimi na mwanetu Lévi tulikijaza kisima udongo.

Nilipaswa kukuomba msamaha ukiwa hai. Nilidhani muda upo. Basi leo nasema mbele ya padri, mbele ya kwaya na mbele ya parcelle nzima: sombe yako haikuwa na kosa lolote.

Wanaokukumbuka ni mimi mume wako Faustin, watoto wako Abigaëlle na Lévi, dada yako Nono, na familia sita za parcelle, wakubwa kwa wadogo, wote wazima.

Tutakukumbuka daima, mama yetu.