Mguu wa Ishirini na Nane

Ng'ambo, Tabora
14 Machi 1984

Kwa binti yangu Zeyana,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta salama huko Dresden na baridi yake. Sisi hatujambo sote. Mama yako bado anasumbuliwa na goti la kushoto, lakini sauti yake ni nzima, akiita hapa wanasikia Chemchem.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka miwili nimekuwa nikisomewa barua zako, na majibu kakuandikia mama yako. Usitafute maana kubwa. Nakuandikia kwa sababu ya kazi.

Mradi wa visima una ofisi mtaa wa Chemchem, na ndani kuna kompyuta iliyoletwa na wataalamu wa kigeni mwaka 1977. Wataalamu wameondoka, mashine imebaki. Karani Leonia huandika humo vipimo vya maji ya visima vyote, kuanzia hapa hadi Nzega, na vile vya zamani kwenye njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Mwezi uliopita makao makuu walileta programu mpya kwenye disketi. Programu hiyo inapanga visima vyote kwa zamu, kipi kitakauka kwanza na kipi baadaye, ili mtambo wa kuchimba uende panapostahili. Mashine imeikataa. Kila Leonia akiiweka, kioo kinaganda.

Ndugu Eustace, mhandisi wa mradi, aliniita niitazame kwa kuwa hakuna mwingine. Nilifungua. Waya zote nzima, umeme mzuri, hakuna kilichoungua. Nikamwambia, "Ndugu, mashine haina ugonjwa. Imeambiwa maneno isiyoyajua." Akasema hata makao makuu wamemwambia hivyo hivyo: programu imeandikwa kwa chipu mpya, na hii ni ya zamani.

Mvua zimekuwa haba. Mtambo wa kuchimba ni mmoja kwa mkoa mzima, na bila orodha utakwenda kwa mwenye kelele. Kuna mama mmoja, Bi Swaumu, katoka kijijini nje ya Bukene mara tatu sasa. Anakaa kwenye benchi la ofisi na kusema, "Kisima chetu kinatoa tope." Hana kelele.

Je, chipu ya zamani inaweza kutolewa ikawekwa mpya, kama ninavyobadili valvu za redio dukani? Nijibu.

Baba yako,
Ghalibu bin Darwesh


Dresden
9 Aprili 1984

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa, nakula vizuri, nimenunua viatu vya baridi. Mpe Mama pole ya goti, na umwambie apunguze ngazi.

Barua yako niliisomea palepale mlangoni kwa mlinzi wa bweni, na koti langu mkononi. Baba, umesema nisitafute maana kubwa. Basi sitafuti. Ila kuna neno moja ninalo kifuani tangu siku ile niliyoondoka. Nilikwambia mbele ya wateja kwamba redio za valvu zimekwisha na duka lako litakwisha nazo. Ulikuwa umenifundisha kazi ukitegemea nikae pale mezani baada yako, nami nikakujibu vile. Nimejifunza mengi huku, na kadiri ninavyojifunza ndivyo ninavyozidi kuona kwamba msingi wote niliupata kwako. Naomba radhi.

Sasa kazi. Ndiyo, inawezekana, lakini si rahisi kama valvu. Chipu inayofanya hesabu zote tunaiita prosesa. Hapa Ujerumani Mashariki wanatengeneza prosesa ya aina mpya, nayo inajua maneno yote ya ile ya zamani na mengine juu yake. Tatizo ni miguu. Zote mbili zina miguu arobaini, lakini mguu wa kwanza wa hii haufanyi kazi ya mguu wa kwanza wa ile. Ukiichomeka tu, itaungua.

Tafadhali niandikie: maneno yaliyochapwa juu ya chipu yenyewe, kama imechomekwa au imelehemiwa, na nafasi iliyopo juu yake, kwa sentimita.

Mwanao,
Zeyana


Ng'ambo, Tabora
2 Mei 1984

Mwanangu Zeyana,

Assalaam aleikum, na marahaba. Radhi unazo. Hatutalirudia jambo hilo.

Juu ya chipu pameandikwa 8080A. Imechomekwa, haikulehemiwa, alhamdulillahi. Juu yake kuna nafasi ya sentimita nne na nusu, nimepima mara mbili kwa rula ya chuma. Nakuwekea na mchoro wa ubao wote, nimeuchora kwa penseli siku tatu. Pale niliposhindwa kuona waya unakwenda wapi nimeweka alama ya kuuliza. Sikubahatisha.

Dukani kazi ipo lakini ya ajabu. Betri hazipatikani mjini, basi watu wananiletea redio zisizo na ubovu wowote, njaa tu. Nawaunganishia betri za gari.

Ndugu Eustace ameambiwa kwamba mashine isipokubali programu mpya itapakiwa kwenye lori la tarehe kumi na tano Agosti, iende kutupwa stoo makao makuu. Nimemwambia binti yangu analishughulikia. Akauliza, "Binti yako ni nani?" Nikamwambia. Nilimweleza kwa kirefu mpaka akasahau kumaliza chai yake.

Baba yako


Dresden
25 Juni 1984

Baba,

Shikamoo, na Ramadhani karim, ingawa inakwisha. Huku jua linazama saa tatu na robo usiku, hivyo futari yangu ni daku ya watu wengine. Navumilia.

Mchoro wako nilimwonyesha mwalimu wangu wa maabara. Aliutazama kwa muda mrefu, akauliza umetoka kiwanda gani. Nikamwambia umetoka Ng'ambo.

Nimejenga kibao kidogo, ukubwa wa visanduku viwili vya kiberiti vikiwekwa sambamba. Chini kina miguu arobaini ya kuingia mahali pa prosesa ya zamani. Juu kimebeba prosesa mpya, inayokula volti tano peke yake. Katikati nimepitisha nyaya ili kila mguu wa juu ukutane na kazi yake chini. Zile alama zako za kuuliza zilikuwa tano. Nne nimezitatua kwenye vitabu, ya tano mwalimu aliijua. Nimekilehemu mwenyewe wiki tatu, baada ya masomo.

Atakayekuletea ni Bernardo, mwenzetu wa Kigoma anayerudi nyumbani likizo. Atashuka Tabora na treni yake. Kimefungwa ndani ya pamba na karatasi inayong'aa kama fedha. Usiiondoe karatasi mpaka dakika ya kukichomeka, na ushike kwanza bomba la maji, maana hata umeme wa nguo zikisuguana unaweza kukiua. Prosesa ni hiyo moja. Nyingine siwezi kuipata kabla ya mwakani.

Mwanao,
Zeyana


Ng'ambo, Tabora
20 Julai 1984

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Idi tulisali salama, mama yako alipika pilau la watu thelathini na goti lake hilohilo. Bernardo alifika Jumatatu, kijana mwenye adabu, alikataa kunikabidhi mzigo mpaka nilipomtajia jina la bibi yako.

Zeyana, nimekishika kibao chako. Lehemu yako ni safi. Nukta zote zinang'aa, hakuna iliyovimba wala iliyopasuka. Nimeitazama kwa lenzi ya fundi saa na sikupata pa kukusahihisha.

Jana tulikuwa ofisini wote, Ndugu Eustace na Leonia na watu wengine wawili waliokuja kutazama. Nilitoa chipu ya zamani. Kabla ya kuweka kibao, niliwasha mashine ikiwa tupu na kupima kila tundu kwa mita ya umeme. Ndugu Eustace akasema, "Fundi, si binti yako amemaliza kila kitu? Chomeka tuone." Nikamwambia, "Mimi hupima."

Tundu la ishirini na nane lina volti kumi na mbili. Nikazima, nikarudi kwenye kibao chako na kufuata uzi kwa mita. Mguu wa ishirini na nane wa chini umeunganishwa moja kwa moja na mguu wa ishirini na nane wa juu. Wewe uliniandikia kwamba prosesa mpya inakula volti tano peke yake.

Huenda kuna jambo nisilolijua. Hiki sikukijenga mimi, na kazi ya fundi mwingine siikati bila kumuuliza. Kwa hiyo nimekirudisha kwenye karatasi yake. Watu wale wawili walicheka, mmoja akasema mzee wa redio ameogopa. Mama yako kaambiwa sokoni. Acha waseme.

Lori ni tarehe kumi na tano. Nijibu kwa simu ya maandishi.

Baba yako


SIMU YA MAANDISHI
Dresden, 8 Agosti 1984
Kwa: GHALIBU DARWESH, SLP TABORA

KOSA NI LANGU BABA. KATA UZI 28. MENGINE YOTE SAWA NIMEHAKIKI. UMEIOKOA. ZEYANA


Ng'ambo, Tabora
19 Agosti 1984

Mwanangu Zeyana,

Assalaam aleikum warahmatullah. Sisi wazima, wazima sana.

Simu yako ilifika tarehe kumi na moja. Kesho yake asubuhi nilikata uzi kwa wembe, nikapima tena miguu yote arobaini, nikaenda Chemchem. Safari hii watu walikuwa wengi zaidi, na Bi Swaumu wa Bukene alikuwepo kwenye benchi lake. Nikashika bomba la maji kama ulivyosema. Nikachomeka.

Ndugu Eustace akawasha. Kioo kikawa cheusi. Nilihesabu moyoni mpaka tisa. Kisha ikatokea ile alama ya siku zote, na Leonia akaweka disketi mpya. Ikasaga, ikasaga. Halafu maneno yakapanda kwenye kioo mstari kwa mstari, na Leonia akapiga kelele, "Inaniuliza jina la mkoa!"

"Basi mjibu," nikamwambia.

Mashine ya kuchapa ilifanya kazi mpaka adhuhuri. Visima mia tatu na kumi na sita, kwa zamu. Karatasi ilishuka mezani ikafika sakafuni. Ndugu Eustace alisoma mstari wa kwanza, akamwangalia Bi Swaumu. "Mama, ni ninyi." Yule mama hakuelewa mara moja. Akauliza ni nani amewasemea. Leonia akamwambia, "Vipimo vyenu vyenyewe."

Kulikuwa na mkubwa mmoja aliyekuja kudai mtambo uende kwao kwanza. Ndugu Eustace akamwonyesha kijiji chake: cha mia moja na nne. Akarudi zake, maana hakuna wa kugombana naye.

Mtambo umekwenda Bukene Alhamisi. Jana wameleta habari kwa reli: maji yametoka mita sitini na mbili, matamu. Lori la stoo limeondoka tupu.

Watu wale wawili waliocheka walikuja dukani leo. Mmoja kaleta saa yake, eti inachelewa. Saa haina ubaya. Nimeipokea hivyohivyo.

Niliwaeleza watu ofisini kwamba kosa la uzi lilikuwepo na likaonekana. Sikulificha, kwa sababu kazi yako haihitaji kufichiwa. Nyuzi thelathini na tisa ulipata sawa, na mimi nisingeujua hata mmoja.

Baba yako,
Ghalibu


Dresden
15 Septemba 1984

Baba yangu,

Shikamoo sana. Idi kubwa tuliisali watano chumbani kwa wenzetu wa Sudani, nikawasomea barua yako yote kwa Kijerumani kibovu. Nilipofika mita sitini na mbili walipiga makofi.

Ile barua yako ya Julai iliponifikia niliketi chini. Mwalimu alinijia, nikamwonyesha. Alisema wanafunzi wake wote kumi na wanane wangechomeka. Sasa kila asubuhi kabla ya kuwasha kitu maabara anasema "tupime kama Tabora", na hakuna anayecheka.

Wamenikubalia kibao hiki kiwe kazi yangu ya kumalizia masomo. Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya mchoro rasmi, uzi wa ishirini na nane ukiwa umeondolewa. Chini kulia huandikwa majina ya waliotengeneza. Nimeandika mawili. Lako nimeliweka la kwanza. Waliniuliza una shahada gani, nikajibu miaka thelathini na moja ya ufundi.

Nitamaliza mwakani Julai. Nimeulizwa kama nataka kubaki huku kiwandani. Nimesema sitaki.

Mwanao,
Zeyana


Ng'ambo, Tabora
8 Oktoba 1984

Mwanangu Zeyana,

Assalaam aleikum, na marahaba. Tu wazima. Mvua ya kwanza imenyesha, kidogo.

Makao makuu wana mashine nyingine tatu kama ile, nazo zimekataa programu vilevile. Wameandika barua rasmi, yenye muhuri, kuniita Dodoma. Nimewajibu kwamba nitakwenda Julai, pamoja na mhandisi. Wakauliza mhandisi gani, nikawapa jina lako lote mpaka la babu, walizoee.

Mchoro umefika. Mama yako ameushika kama msahafu, amewakataza watoto wa jirani wasiuguse na mikono yenye mafuta. Nimeusoma usiku na mchana, na nina sahihisho moja tu.

Majina umeyapanga kwa umri. Hiyo ni adabu ya nyumbani, na nimeifurahia. Lakini huu ni mchoro wa kazi, na kwenye kazi hutangulia aliyejenga, ndipo afuate aliyepima. Nenda kwa mwalimu wako, mwambie baba amesema. Futa, uandike upya, unitumie nakala nyingine. Hiyo ndiyo nitakayoitundika dukani, mahali mteja anapoingia.

Baba yako,
Ghalibu bin Darwesh, fundi