Bomba Sikulifungua Mimi, Cheo Nimepewa Mimi

Maman Rukiya, nisaidie upesi, maana tangu Alhamisi nacheka peke yangu ndani ya metro mpaka watu wananipisha kiti. Mimi ni Numbi wa Saint-Gilles, huku Ulaya, mzaliwa wa Likasi, nasafisha ofisi za watu wanaoongea Kiingereza, na kwa kuwa chef wetu, mkuu wa wasafishaji, anastaafu nilianza kujifunza Kiingereza cha kazi kwenye simu, somo la kumi na mbili ni la kukubali majukumu, na sentensi moja ikaniingia moyoni, "I take full responsibility," yaani jukumu lote ni langu, nikawa naisema mbele ya kioo, naisema nikikaanga samaki wa chumvi, makayabu, hadi mume wangu akauliza kama nimekuwa waziri.

Bon, Alhamisi mtu akasahau bomba wazi, jiko la ghorofa ya nne likajaa maji, msimamizi wa jengo, Madame Larissa, amesimama pale viatu vimelowa, na unatujua sisi, mtu akipatwa na shida tunampa pole hata kama hatukumfanya kitu, mimi pole ya Kiingereza sikuwa nayo, nilikuwa na ile sentensi tu, nikaitoa yote, mkono kifuani, nikachukua mopu. Madame akataka kulia, eti miaka tisa hajasikia mtu wa jengo lile akisema hivyo, na kesho yake akaniuliza kama niko tayari kuwa chef wa watu wanane, na hilo lilikuwa somo la kumi na tatu, nikajibu bila kupumua, "I'm ready for the challenge," yaani niko tayari kwa changamoto, nikacheza ndani ya lifti peke yangu.

Lakini aliyesahau bomba ni Kasoki, msafishaji mwenzangu tunayesali naye. Ameniambia, "Numbi, ni miye njo nilisahabu robinet. Usiseme, batanifukuza." Jumatatu nasaini. Nikisema ukweli naogopa cheo kitaniponyoka na Kasoki atapoteza kazi, nikinyamaza nitakuwa chef kwa uongo. Nifanye nini, maman, na je, ninunue viatu vipya?

*

Numbi, hongera, nimecheka mpaka chai ikamwagika. Sasa keti nikugombeze.

Pole inagawiwa bure, mwanangu, lakini kosa lina mwenyewe. Ulimhurumia Madame, sawa, ila umemfundisha Kasoki kujificha nyuma yako, na kesho wanane wote watajipanga hapo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumatatu kwenye kalamu.

Leo hii nenda kwa Kasoki. Mwambie mtaingia pamoja kwa Madame kabla hujasaini. Wewe utangulie kumwambia, "Bomba sikuliacha wazi mimi, nilikuwa nakupa pole tu." Kisha Kasoki aseme lake kwa mdomo wake, na wewe usitoke, simama naye, umwombee msamaha. Kusahau bomba watu husamehe, kuficha ndiko kunakofukuzisha. Ile sentensi yako uitunze kwa siku utakayokosea wewe, na hutakosa siku hiyo.

Madame akikunyima cheo, basi alitaka mtu wa kulaumiwa, na kazi hiyo usiililie. Lakini sidhani. Maji yale yalionwa na wengi, na aliyechukua mopu bila kutumwa ni wewe, hilo si uongo.

Viatu nunua. Vya mpira.