Mke Wangu Amehamia kwa Dada Yake kwa Sababu ya Pazia la Bafuni

Mshauri, najua meza yako imejaa barua za watu walioporwa wachumba na waliofukuzwa kazi, kwa hiyo naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana shida yangu mimi ni pazia. Mimi ni karani wa masijala, huu ni mwaka wangu wa tisa katika ndoa, na kila siku huandika kwenye shajara yaliyotokea, ndiyo sababu tarehe nitakazokupa ni za uhakika. Tarehe 3 mwezi uliopita mke wangu, ambaye ni muuguzi, alileta nyumbani beseni la kuogea la chuma, la mtindo wa kizamani, lenye miguu minne iliyochongwa kama makucha ya simba, alilolipata kwenye hoteli iliyokuwa ikibomolewa, nalo haliegemei ukuta kama mabeseni ya watu wengine bali limesimama katikati ya bafu kama mgeni aliyenyimwa kiti, na fundi bomba akaliwekea bomba la mvua kwa juu, pamoja na duara la chuma la kutundikia pazia, kisha mke wangu akaniambia, "Mengine yote nimefanya mimi. Wewe chagua pazia tu."

Tarehe 5 nilinunua la kwanza, nikiwa nimepima upande mmoja peke yake kama nilivyozoea, na mke wangu alipolivuta likamficha ili ukuta usimwone na kumwacha wazi upande wa mlango. Siku hiyo tulicheka. Kuanzia tarehe 9 nikaamua kufanya kazi kwa utaratibu, nikawa naazima mapazia dukani, naingia kwenye beseni kavu na nguo zangu za ofisini, mke wangu anakaa nje kwenye stuli, namuuliza:

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kukutambua."

"Tai unaiona rangi yake?"

"Bwana Vipimo, toka humo tukale."

Hadi tarehe 20 nilikuwa nimejaribu mapazia kumi na moja, yote bila tone la maji. Tarehe 24 nikatundika moja la plastiki nyepesi, la kuzunguka beseni zima, na mke wangu akarudi kutoka kazini amechoka, akafungulia maji ya moto, lile pazia likamjia kutoka pande zote likamganda mwilini. Aliniita. Nikamkuta amesimama kama kifurushi cha posta, akaniambia kwa sauti ya chini, "Angalau hili limenikumbatia." Mimi nikamuuliza kama lilianza kumganda mabegani au magotini, kwa sababu nilitaka kuandika.

Tarehe 25 alipeleka sabuni yake kwa dada yake, mtaa wa pili, akisema anakwenda kuoga tu. Tarehe 27 likafuata taulo, tarehe 30 sare zake za kazi, na jana aliondoka na mto. Nilimfuata, shemeji akanifungulia mlango na kusema, "Karibu, shemeji. Umekuja na pazia au umekuja na maswali?" Nilikuwa nimekuja na maswali. Mshauri, nampenda mke wangu na nyumba imekuwa kubwa mno. Nimebakiza mapazia mawili, la plastiki nzito ya bluu na la kitambaa cheupe lenye bitana. Nichukue lipi ili arudi?

Bwana Vipimo

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu karani, nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, uniwie radhi. Mara ya pili sikucheka. Mwanamke amebanwa na plastiki, maji yanamchuruzika, anakutajia kukumbatiwa, na wewe unamuuliza habari za magoti. Mtu akihamisha sabuni, huenda kweli anatafuta pa kuogea. Akihamisha mto, tusidanganyane.

Hata hivyo umeuliza pazia, nami nitakujibu. Chukua la kitambaa. Beseni la katikati ya chumba linataka kuzungukwa lote, kwa hiyo nunua matatu ya upana wa kawaida uyaunganishe kwenye duara. Kitambaa kibaki nje ya beseni, bitana iingie ndani. Lile jepesi lilimganda kwa kuwa joto la maji huvuta hewa, na hewa huja na pazia. Shona sumaku ndogo kwenye pindo la bitana. Beseni lako ni la chuma, zitang'ang'ania. Halafu oga wewe mwenyewe kwanza, kwa maji, bila tai.

Haya yote yakuchukue siku moja. Umetumia mwezi mzima kuchagua kitu ambacho mkeo angekichagua akiwa njiani kwenda kununua nyanya, na naona hukuwa unaogopa pazia, uliogopa kukosea mbele yake. Sasa umeshakosea, tena vizuri sana, hofu hiyo haina kazi tena.

Kesho nenda kwa shemeji yako. Usimweleze mkeo habari za bitana. Usimuulize atarudi tarehe ngapi. Mwombe radhi kwa lile swali, kisha mkumbatie, hapo hapo mlangoni, shemeji akitaka kuangalia aangalie. Akikataa kurudi, usibishane, urudi tena keshokutwa. Akikubali, mwache aongee yeye njia nzima. Ni mitaa miwili tu, utaweza.